Dereva Niliyempa Ndevu

Kosa lenyewe nililifanya kwa mdomo, nikiwa nimekaa kitini, na halikuchukua hata muda wa kutunga uzi kwenye sindano. Kulitengua kulinichukua wiki nyingi, na sina hakika kama nimemaliza.

Tulikuwa wanawake watatu katika chumba cha ghorofa ya tatu, Marshalltown, jengo ambalo zamani lilikuwa la ofisi na sasa kila mlango una biashara yake. Tulishona mabaibui na kanzu za maduka ya Fordsburg, na shule zikikaribia kufunguliwa tulishona sare. Mwenye chumba na mwenye vyerehani alikuwa mama wa Kizanzibari aliyepita miaka sitini, tuliyemwita Bi Mkubwa. Wa pili alitoka Bukavu, mlokole kwelikweli, mwenye mkono mwepesi wa pindo kuliko sisi wote. Wa tatu ni mimi, mtu wa Tanga, niliyefundisha shule ya msingi miaka sita kabla ya kumfuata mume huku Afrika Kusini. Mume alishakwenda zake, jina la Mwalimu likabaki.

Vyerehani vyetu ni vya umeme, na vikiwaka vyote vitatu humsikii mwenzako hata akikutukana. Mazungumzo yetu yalikuwa ya wakati umeme umekatika. Mwaka ule umeme ulikuwa unakatwa kwa ratiba, saa mbili au zaidi kwa mkupuo, na ratiba isipokata, wezi wa nyaya walikata. Hapo tulisogeza viti dirishani tukachukua kazi ya mkono: pindo, vifungo, kutarizi mikono ya mabaibui. Mimi nilisamehewa sindano. Kazi yangu ilikuwa kuwasomea.

Ilianza na vitabu vya hadithi nilivyotoka navyo nyumbani. Vilipoisha, na vilipoisha mara ya pili, nikaanza kununua vya Kiingereza kwa wale wanaotandaza vitabu vikuukuu kando ya barabara. Nilitazama Kiingereza nikatoa Kiswahili, papo kwa papo, bila kusimama. Kiingereza cha Bi Mkubwa ni cha kupimia wateja viuno, na yule wa Bukavu ana Kifaransa chake. Walinitegemea, na mimi, nisifiche, nilipenda sana kutegemewa. Tulikuwa na sheria moja, ameitunga Bi Mkubwa: Mwalimu asisome mbele. Aliona si haki mmoja ajue mwisho wakati wenzake bado wako kwenye pindo. Kwa hiyo kila ukurasa niliufungua mbele yao, na sote tukashtuka pamoja.

Mwanangu ni mmoja tu, wa kike. Amezaliwa huku, kasoma huku, na wakati ule alikuwa na miaka ishirini na mmoja, yuko chuo kikuu, kapanga chumba Braamfontein. Kiswahili anakisikia, lakini ukimsemesha hukujibu kwa Kiingereza, na akiwa na hasira kwa Kizulu. Nilikuwa nikiwaambia wenzangu kwamba Kiswahili chake ni cha kuelewa chakula na matusi. Tulicheka sana kwa hilo.

Jumapili moja alikuja kwangu kula, na wakati wa kuondoka akatoa kitabu kwenye begi. Akaniambia, kwa Kiingereza chake, Mama, soma hiki. Kisome chote, halafu tuongee. Akasimama mlangoni muda mrefu kuliko kawaida yake, anafunga na kufungua zipu ya koti. Nikamuuliza kama bado ana njaa. Akasema hapana, akanibusu shavuni, akaenda zake. Mimi nilifurahi tu kwamba mtoto amemkumbuka mama yake kwa kitabu. Siku ya pili nikakipeleka kazini.

Kilikuwa riwaya. Mwanamke mmoja anaoka mikate katika mji mdogo wa reli, hukuhuku Afrika Kusini, mji ambao mgodi umefungwa na watu wamebaki. Vikao viwili vya kwanza tulikuwa na yeye na mama yake tu ndani ya nyumba moja, wanagombana kuhusu tanuri. Wenzangu walimpenda mwokaji mara moja. Bi Mkubwa alisema huyo ndiye msichana wa kazi, anaamka bila kuamshwa, si kama wasichana wa hapa mjini.

Kikao cha tatu likaja lori la unga. Kitabu kilisema dereva alifungua mlango akashuka, na mwokaji alipomwona, kibao cha kukatia mikate kikamponyoka mkononi na hakuinama kukiokota. Nikatafsiri hivyo hivyo. Yule wa Bukavu akacheka chinichini, akasema, "Eh, amefika." Bi Mkubwa aliiacha sindano hewani. Mdomo wangu ulikuwa bado unamalizia sentensi ile, macho yameshatangulia kwenye inayofuata, na hapo nikaona. Dereva alivua kofia. Nywele zake zilikuwa zimesukwa, na alikuwa mwanamke.

Ningeweza kulisema. Ningeweza hata kukohoa, nikafunga kitabu, nikasingizia kichwa kinauma. Badala yake nikaisikia sauti yangu inasema, "Dereva akavua kofia. Alikuwa kijana mrefu, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri." Na nikaendelea kusoma.

Nani angejua kwamba ndevu zina kazi hivyo. Tangu siku hiyo kila lori lilipokuja ilinibidi nimkumbuke kijana wangu. Kitabu kikisema dereva alilowa mvua, akaazimwa gauni la mwokaji, mimi nilimpa shati la marehemu baba wa mwokaji. Kikisema walikaa wanasukana nywele, nilisema walikaa wanatazama mvua, na mwenyewe natoka jasho. Bi Mkubwa alimwona kijana wa adabu kupita kiasi, hamshikishiki mtoto wa watu ovyo. Adabu yenyewe ilikuwa yangu mimi, niliyekuwa naruka aya nzima nzima.

Ikafika mahali wakaanza kudai posa. "Miezi minne analeta unga tu," Bi Mkubwa alisema. "Mshenga yuko wapi? Au kwao hawana wazee?" Yule wa Bukavu akasema kwao angeleta ng'ombe kwanza, unga baadaye. Nikajikuta nimetunga mjomba, mtu mzima mwenye fimbo na kikohozi, nikamtuma kwenda kubisha hodi. Walimpenda mjomba kuliko wote.

Kisha kitabu kikafika pale mama wa mwokaji alipojua. Alitoa nguo za binti yake, moja moja, akazitupa uani kwenye matope, akarudi ndani akafunga komeo. Hiyo nilisoma kama ilivyo, sikuwa na akili ya kubuni nyingine. Wenzangu wakataka sababu. Kijana ana kazi, halewi, ameleta na mjomba, sasa mama mtu amepandwa na nini? Nikasema kijana ni wa dini nyingine. Wakatazamana, maana humo ndani wenyewe tulikuwa wa dini mbili.

Halafu Bi Mkubwa akasema taratibu, "Mtoto unamgombeza. Unamnunia, hata mwaka. Lakini nguo zake huzitupi kwenye matope."

"Ule mama ni mubaya," akasema yule wa Bukavu. "Mutoto wa tumbo yako?"

Walimsema yule mama mpaka umeme ukarudi, na mimi nilikuwa naitikia kila neno.

Jumamosi nikavunja sheria. Nilikaa jikoni kwangu asubuhi, chai inapoa, nikakisoma kitabu mpaka mwisho. Hapa sitadanganya, nimeshadanganya vya kutosha. Nilijua kwa nini nimepewa kile kitabu, na nilijua tangu lori liliposhusha mtu wake. Pengine tangu zamani zaidi. Mwanangu alipohamia Braamfontein alikuja mwenzake wa chuo kumsaidia kubeba friji, msichana wa Soweto aliyenyoa kichwa. Walipoitua, nilimwona mwanangu akimfuta yule mwenzake jasho la shingo kwa kiganja. Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Asubuhi ile jikoni nilipandwa na hasira. Nilikikasirikia kitabu, nikakikasirikia chuo, nikaikasirikia nchi hii ambako wanapita barabarani wameshikana mikono na wewe ndiye unayetakiwa kutazama pembeni, nikamkasirikia hata baba yake kwa kutokuwepo. Kwa mwanangu mwenyewe sikuwa na hasira, nilikuwa na woga. Niliwaogopa watu wa Tanga, nilimwogopa Bi Mkubwa, niliogopa nitakavyoulizwa siku ya kiyama. Na zaidi ya yote nilijiogopa mimi. Niliposoma jinsi yule mama alivyofunga komeo, wakati wenzangu wanamlaani, kuna sehemu yangu ilisema: sasa afanyeje?

Wiki ile mwanangu alinipigia. Akaniuliza, umefika wapi kwenye kitabu? Nikasema bado, mwanangu, kazi nyingi. Akasema sawa, Mama, hakuna haraka. Alilisema kwa upole, na nikamchukia kwa upole huo, kisha nikajichukia.

Alhamisi moja akapita kazini, zipu ya koti lake imekufa. Umeme haukuwepo. Akatusalimia, akakaa juu ya majora ya kitambaa, akatia hedifoni zake ndogo masikioni, akainamia simu. Nami nikaendelea kusoma. Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa nafikiri nini, na jibu ni kwamba sikuwa nafikiri. Sisi tuliozalia huku tumezoea kuongea juu ya vichwa vya watoto wetu. Tunawasengenya wamekaa hapo hapo, tunapanga mambo yao, tunataja siri za ndoa zetu, kana kwamba Kiswahili ni pazia. Kwa kuwa hawajibu, tunadhani hawasikii.

Na siku hiyo ndiyo niliyowapa wenzangu harusi. Walikuwa wameidai wiki mbili nzima. Kitabuni hakuna harusi, kuna wanawake wawili wanaopanga chumba nyuma ya kituo cha reli na kununua godoro. Nikautazama ukurasa wa godoro nikasoma harusi. Nikamleta mjomba na fimbo yake. Nikaleta shehe na mchungaji, wote wawili, kuepusha ugomvi. Nikamvisha bwana harusi suti, nikazipaka ndevu mafuta. Mama mtu nikamleta analia, anaomba radhi. Bi Mkubwa akapiga kigelegele, na yule wa Bukavu akaweka pindo chini akapiga makofi.

Nilipoinua macho, mwanangu alikuwa ameshazitoa hedifoni masikioni. Sijui alizitoa saa ngapi.

"Ukurasa wa ngapi huo, Mama?" aliuliza kwa Kiingereza, sauti ya kawaida kabisa.

Nikamwambia tumeshafika mbele huku.

"Nionyeshe."

Sikumwonyesha. Akakichukua kitabu mkononi mwangu, si kwa kunyang'anya. Alikichukua jinsi mtu anavyochukua kitu chake alichokisahau kwa watu. Akakifunga, akakitia kwenye begi, akamuaga Bi Mkubwa kwa adabu, akatoka. Koti aliliacha. Nilimfuata mpaka ngazini nikimwita. Alipofika chini ya ngazi ya kwanza akageuka. "Umemfuta, Mama," akasema. "Ulikuwa na kitabu kizima, ukamfuta yeye tu." Kisha akashuka, nami nikabaki nimeshika ukuta.

Wiki ya kwanza hakupokea simu. Ya pili hakupokea. Niliandika ujumbe, mrefu na mfupi, wa kuomba na wa kukaripia, tiki zikawa za buluu na jibu halikuja. Wiki ya tatu nikaenda mwenyewe Braamfontein na koti lake, zipu nimeshabadilisha. Mlinzi wa getini akampigia simu ya ndani, akasikiliza, akaiweka chini, akawa hanitazami usoni. Akasema, Mama, anasema anajisomea. Nilirudi Marshalltown kwa miguu na koti mkononi. Taa za kuongozea magari, robot kama wanavyoziita huku, zote zilikuwa zimezimika, magari yanapishana kwa kuoneana huruma, na mimi napita katikati yao nalia bila kujificha. Nilikuwa nampoteza mtoto, mmoja niliye naye, na hakuna aliyemtupa nje ila mimi na mdomo wangu.

Nilipofika, viti vilikuwa vimeshasogezwa dirishani; wiki zote tatu nilikuwa nimesingizia koo, hakuna aliyesomewa. "Haya Mwalimu," Bi Mkubwa akasema, "wamezaa?"

Ningeweza kuwapa mtoto. Nilikuwa naye tayari mdomoni, wa kiume, kilo tatu na nusu. Nikakaa. Nikasema, "Dereva ni mwanamke."

"Tangu lini?" akauliza yule wa Bukavu.

"Tangu siku ya kwanza. Ndevu nilimpa mimi."

"Na mjomba?" akauliza Bi Mkubwa.

"Hakuna mjomba."

"Na harusi je? Nilipiga kigelegele mie."

"Hakuna harusi, Bi Mkubwa. Kuna godoro."

Akasema astaghafirullah, polepole, akairudia. Yule wa Bukavu akasimama, akabeba kiti chake na kazi yake mpaka dirisha la pili, akakaa ametugeuzia mgongo. "Mwalimu, mi nakupenda," akasema akiwa ameelekea nje. "Lakini ile ni zambi. Usinisomee tena." Sikumwona mbaya. Mwezi mmoja nyuma mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa kwenye dirisha hilo, ila mimi nilikaa kwa kujificha.

Bi Mkubwa alishona vifungo vitatu. Halafu akauliza, "Yule mama. Nguo alizitupa kwa ajili hiyo?"

"Ndiyo."

"Nasi tukamlaani wiki nzima."

"Ndiyo, Bi Mkubwa."

Akakata uzi kwa meno. "Mie nilimlaani kwa zile nguo," akasema. "Hayo mengine siyajui, Mola ndiye ajuaye, na umri wangu si wa kuanza kujua. Lakini nguo bado ziko kwenye matope. Soma."

"Sina kitabu. Amekichukua mwenyewe."

"Kukichukua nilimwona. Mwenyewe nani?"

Nikasema, "Mwanangu." Nililisema neno hilo moja nikaona limetosha. Bi Mkubwa aliliangalia lile koti mapajani mwangu, akaniangalia mimi, na nikamwona anapanga mambo kichwani mwake, kigelegele, begi, ngazi. Nilijiandaa kufukuzwa. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu ni vitu gani vyangu viko mle ndani, mkasi, kikombe, mswala.

"Umekisoma mpaka mwisho?" akauliza.

"Ndiyo."

"Ukaivunja sheria yangu."

"Ndiyo."

"Basi kimo kichwani. Toa simu yako umsomee yeye."

Nikarekodi ujumbe wa sauti, pale pale dirishani, nikaanzia lori la unga. Dereva akavua kofia, nikasema. Nywele zake zilikuwa zimesukwa, na alikuwa mwanamke. Nilisimama kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Nilisema mpaka umeme uliporudi na vyerehani vikanifunika, nikatuma. Siku ya pili umeme ukakatika tena, nikaendelea nilipoishia.

Ilikwenda hivyo wiki mbili na ushei. Nilirudisha kila nilichokiondoa. Nilirudisha gauni aliloazimwa siku ya mvua, nikarudisha kusukana nywele. Aya nyingine mama hawezi kumsomea mwanawe, na hizo nilisema tu: hapa walipendana, mwanangu, unajua zaidi yangu. Bi Mkubwa alikuwa anacheka puani akisikia hivyo, kisha anajirudi.

Na katika kuisimulia upya nikaona jambo ambalo mtu niliyesoma vitabu maisha yangu yote nilipaswa kuliona mapema. Kijana wangu mwenye ndevu hakuwa mtu. Alikuwa na suti na mjomba, basi. Hakuwa na chochote cha kupoteza, ndiyo maana nilikuwa namtungia vitu kila siku na havimkai. Dereva mwenyewe, yule wa kitabuni, alikuwa anaegesha lori mtaa wa pili, anakuja kwa miguu na mfuko wa unga begani, ili majirani waone ni kazi tu. Kilo hamsini, kila wiki, kwa ajili ya kunywa chai na mtu nusu saa. Hiyo niliiruka. Nilikuwa nimeuondoa woga wake nikidhani ninamsitiri, na ushujaa wake ukaondoka na woga. Niliposimulia kipande hicho kwenye simu nilikwama katikati. Nilikuwa namwona mwanangu mlangoni kwangu, anafunga na kufungua zipu, na mimi namuuliza kama ana njaa.

Kutoka dirisha la pili, bila kugeuka, yule wa Bukavu akauliza, "Na majirani walimwona?"

"Walimwona," nikasema.

Akatikisa kichwa, akaendelea na pindo lake. Baadaye nilimsikia anamwombea mwanangu, kwa sauti, akimtaja ili nisikie. Sikupenda alichokuwa anamwombea. Nilimwacha.

Mambo ya dini sikuyatatua, na mpaka leo sijayatatua. Naswali, naomba, nanyamaza. Kuna siku naamka nimetulia, na kuna siku nasikia sauti za shangazi zangu wote wa Tanga zinaniuliza nilimleaje. Ila niliacha kusubiri kutatua kwanza ndipo nimpende mtu. Yule mwokaji na dereva wake niliwapenda kabla sijaruhusiwa na kichwa changu, nikiwa nawasema kwenye simu kwa sauti, mbele ya watu, na dunia haikuanguka. Nikaona kama naweza kwa watu wa karatasi, basi.

Mwanangu hakujibu hata ujumbe mmoja. Tiki zilikuwa zinakuwa za buluu, hilo tu. Alikuwa anasikiliza.

Siku ya mwisho nikafika mwisho wa kitabu. Mwokaji kila asubuhi anaweka mkate juu ya ukuta wa nyumba ya mama yake, na kila asubuhi ifuatayo mkate haupo. Hajui kama mama anauchukua au ni mbwa. Kitabu kinaishia hapo, mama hatoki. Nikasimulia hivyo hivyo, sikuongeza mtu, sikumtoa mama nje analia. Kisha nikashindwa kubonyeza kutuma. Nikasema, "Kitabu kimeisha, mwanangu, na mama hakuja. Mimi nitakuja Jumamosi, na chakula. Niambie mwenzio hali nini." Nikatuma kabla sijapata akili.

Umeme ukarudi, tukashona. Alasiri nikatazama simu. Mwanangu alikuwa ameandika: Anakula kila kitu. Saa saba.

Jumamosi nilipika samaki wa nazi na wali, nikaifunga sufuria kwa khanga mbili, nikachukua teksi mpaka Braamfontein. Njia nzima nilikuwa natunga hotuba. Nilikuwa na sehemu ya kuomba radhi, sehemu ya masharti, na sehemu ya kueleza kwamba mtu wa umri wangu habadiliki kwa siku moja. Ilikuwa hotuba nzuri. Mlinzi safari hii alifungua geti bila kupiga simu.

Aliyenifungulia mlango wa chumba ni yule wa Soweto, kichwa kimenyolewa upya, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa. Mwanangu alikuwa amesimama nyuma yake, haji mbele, anautazama mdomo wangu. Msichana wa watu akapiga goti kidogo, kama wanavyofunzwa kwao, akavuta pumzi, akasema taratibu, kila silabi mahali pake, "Shi-ka-moo, Mama."

Shikamoo huwa naitikia barabarani siku nzima, kwa watoto wa wauza nyanya wa kwetu, kwa mtu yeyote, bila kufikiri. Siku ile nilifikiri, na wao wakaniona ninafikiri. Hotuba yote ikanitoka kichwani.

"Marahaba, mwanangu," nikasema, nikamkabidhi sufuria, maana ilikuwa ya moto na mikono alikuwa ameshainyoosha.